Mbegu za Kwa Ramberi

Kitendawili. Tega sikio vizuri: nina watoto wengi, nikiwazika wakiwa hai wanaishi, nikiwahurumia nikawaweka ndani miaka, wananifia.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Bujumbura usinipe, ina watu wanaoigombania tayari. Nipe Gasenyi peke yake, inanitosha. Jibu ni mbegu, na mama wa watoto hao yuko hapa barazani, ameweka ungo mapajani.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba 1998. Daphrose anachambua maharage. Ni mwembamba, ana miaka hamsini na miwili, na kitenge amekifunga kwa nguvu kama mtu anayetaka kuvuka mto. Kwenye ungo mna maharage ya njano, meusi, mekundu yenye madoa, na mengine madogo ya rangi ya majivu, yote pamoja. Anayoyatupa ni yaliyotobolewa na wadudu tu.

"Mvua ikizidi, haya meusi yanasimama," anasema bila kuinua macho. "Jua likizidi, haya ya njano yanasimama. Anayepanda rangi moja anacheza kamari, na mimi sina cha kuweka mezani."

Upande wa pili wa baraza ameketi Adélaïde, jirani yake tangu miaka ishirini na mitano iliyopita, naye ana ungo wake. Kati yao pana nafasi ya watu wawili kukaa, na hakuna aliyekaa.

Baraza hili ni la nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa mwaka 1931 na mzungu wa kahawa aliyeitwa Lambert. Ndimi za hapa zilikataa jina hilo, likawa Ramberi, na mpaka leo mahali panaitwa kwa Ramberi. Michikichi aliyoipanda imesimama mistari miwili mpaka barabarani. Birika la kuoshea kahawa limepasuka. Nyuma ya jiko kuna tanuri la mkate, kubwa kama kibanda cha mbuzi, na hilo ndilo lililoleta balaa, kama tutakavyoona.

Tangu mwaka 1987, warithi wa mzungu huyo wamewaruhusu wanawake wa Gasenyi kulima hekta tatu za shamba lake kama shirika. Karatasi yao ina sharti moja: msimu ukipita bila ardhi kupandwa, ardhi inarudi.

Haijawahi kurudi. Mvua za Septemba zikianza, msimu wanaouita agatasi, wanapanda maharage na mahindi. Mwezi wa pili wanapanda tena. Kiangazi wanashuka bondeni kando ya kijito kulima mboga. Walipanda hata mwaka 1993, Daphrose akiwa mjane wa wiki mbili. Walipanda hata mwaka 1995.

"Mwaka ule tulipanda tumeinama muda wote," anasema. "Risasi zilikuwa zinapita juu, basi kazi ya jembe na kazi ya kujificha ikawa moja."

Walikuwa wanawake arobaini na watatu. Leo ni thelathini na mmoja.

Msimamizi wa mali hiyo, mzee Népomuscène, ana miaka sitini na saba na daftari moja. Alhamisi ijayo, tarehe 15, atalizunguka shamba na kuandika alichokiona.

"Mimi siwafukuzi, mama zangu," anasema akivua kofia. "Karatasi ndiyo inayofukuza. Nikikuta mmepanda, naandika mmepanda. Nikikuta majani, niandike nini?"

Zimebaki siku tano, na miezi miwili iliyopita shirika hili halikuwa na hata debe moja la mbegu.

Ilianza mwezi wa saba. Milio ya bunduki ilishuka kutoka milimani, wanawake wakabeba watoto na kukimbilia Mutanga Sud, wakalala siku nne kwenye viwanja karibu na chuo kikuu. Daphrose alibaki nyuma kama saa moja hivi. Yeye ndiye mtunza mbegu. Ghalani kulikuwa na vyungu kumi na vitatu, vimejazwa maharage yaliyochanganywa na majivu, midomo imezibwa kwa udongo.

Alivihamisha kimoja kimoja mpaka kwenye tanuri la mkate, lililokuwa halijawashwa miaka miwili. Akavipanga nyuma kabisa, akavikinga kwa matofali, ndipo akawafuata wenzake.

Waliporudi, mlango wa ghala ulikuwa umevunjwa. Majembe yamekwenda. Wanawake wakaanza kulia.

"Mbegu ziko salama," Daphrose akawaambia.

"Ziko wapi?"

"Salama."

Akaenda kuuinua mlango uliovunjwa.

Tarehe 14 Agosti, mkesha wa Bikira Maria kupalizwa, familia kumi na mbili zilizokimbia milimani zilifika kwa Ramberi na kulala barazani. Daphrose alikuwa ametelemka sokoni. Adélaïde hakuweza kuwaangalia watoto wale wakilamba vidole. Akaomba unga parokiani, akakusanya kuni, akawasha tanuri. Matofali ya nyuma aliyaona. Akadhani ni ukuta umeporomoka kwa uzee.

Aliyenusa kwanza ni Mawazo, mwanamke wa Uvira aliyevuka mpaka mwaka 1996 na kupewa mstari wake shambani kama wengine.

"Adélaïde, mukate yako iko nanuka maharage," alisema.

"We Mawazo, ni njaa hiyo. Jana ulinusa samaki kwenye sabuni."

"Apana, dada. Mi najua harufu ya maharage kuliko ya bwana yangu."

Watu wakacheka. Moto ulikuwa umewaka saa tatu nzima. Walipousogeza ili wapange mikate, tofali moja likaanguka na chungu kikaonekana.

Vyungu vya mbele vilikuwa mkaa mtupu. Vya nyuma vilikuwa na joto tu, na maharage yake yaling'aa kama siku yalipowekwa. Daphrose aliporudi alihesabu mia moja kutoka vyungu hivyo, akayafunga kwenye gunia bichi, akayafunika kwa jani la mgomba. Siku ya sita alilifungua mbele ya wote. Yaliyochipua yalikuwa kumi na moja.

Siku hiyo Adélaïde aliuliza kwa sauti ya chini: "Kwa nini hukuniambia?"

Daphrose aliokota ndoo akaenda kuchota maji. Tangu hapo wawili hao wanazungumza habari za majembe na za mvua, basi.

Kununua mbegu ilikuwa ngumu. Bei ya kilo sokoni imepanda mara tatu tangu nchi jirani zifunge mipaka, na maharage yenyewe ni ya rangi moja. Katika shirika walikuwapo waliosema yamekwisha, wagawane yaliyookwa wayale, kila mtu ashike njia yake.

"Nilisema yaleni," Daphrose anakumbuka. "Lakini njia msishike. Nipeni mwezi mmoja."

Alikuwa amekumbuka mabinti.

Kwa Ramberi kuna desturi. Binti wa mwanashirika akiolewa, mama yake humpa kibuyu cha mbegu zile zile zilizochanganyika, asianze nyumba yake kwa kuomba mbegu kwa watu. Daphrose alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaendelea kwa mawe. Tangu mwaka 1987 walikuwa wameolewa mabinti ishirini na sita. Ikiwa walizipanda na kuvuna, basi mbegu za kwa Ramberi zilikuwa hai bado, zimetawanyika mjini, nyuma ya majiko ya watu.

Alianza na wake. Candide ameolewa na mwalimu huko Ngagara, na nyuma ya nyumba ana bustani isiyozidi upana wa mikeka minne.

"Mama, tangu lini zawadi ya harusi inarudishwa?" Candide alimuuliza.

"Zawadi sikuidai. Nimekuja kuchukua wajukuu."

"Na mume wangu akiuliza maharage yamekwenda wapi?"

"Mwambie mama mkwe wake amekuja, ameyala yote, na ameondoka bila kuaga."

Candide alicheka mpaka akashika mlango, kwa maana katika nchi hii mama mkwe hali kwa mkwewe hovyo. Kisha akamimina.

Akiulizwa leo kwa nini alitoa karibu yote, Candide anajibu: "Uliiona miguu yake? Alitoka Gasenyi kwa miguu. Ningempa na sufuria."

Lakini zilikuwapo kwartie, mitaa ya mji, ambazo Daphrose hakuweza kukanyaga, na nyingine ambazo Adélaïde hakuweza. Miaka hii ya vita mji umegawanywa kwa kabila, kila mtu anajua mwisho wa barabara yake. Huko alikwenda Mawazo.

"Mi ni mukongomani," anasema akicheka. "Ku barriere ya askari wananiuliza tu kama nauza vitenge. Maharage niliyabeba mugongoni kama mutoto. Askari mumoja akaniambia, mama, mutoto wako ni munono. Nikamwambia, ego, ndiyo, ananyonya vizuri."

Kati ya mabinti ishirini na sita, kumi na tisa walitoa. Watatu hawakupatikana. Wanne walikuwa wamekula zao, na hakuna aliyewalaumu. Kilo zilizorudi ni tisini na sita. Mistari ikiachana kidogo, zinatosha.

Saa mbili asubuhi nyungo zinawekwa chini na wanawake wanaingia shambani. Udongo una maji ya mvua ya jana. Adélaïde anachimba kwa jembe aliloazima, Daphrose anafuata nyuma akidondosha tatu tatu na kufukia kwa kidole cha mguu. Hakuna aliyewapanga hivyo. Ni miaka kumi na mmoja sasa, huyu anachimba na mwenzake anafuata, na miguu yao haijui kwamba midomo imegombana.

Mpaka saa nane, hekta moja na nusu imekwisha. Jumatatu na Jumanne zitamaliza iliyobaki. Mzee Népomuscène amesimama chini ya michikichi, daftari kwapani.

"Naona naona," anasema, na kujifanya hajaona, kwa sababu siku yake ni Alhamisi.

Daphrose ana hesabu yake ya mbele. Mavuno ya mwezi wa kwanza yatajaza vyungu sita. Ya mwezi wa sita yatajaza vilivyobaki. Kila binti aliyetoa atarudishiwa kibuyu kilichojaa. Na mwakani wasichana wawili wa shirika wanaolewa.

"Hawataondoka hapa mikono mitupu," anasema. "Vita iishe, isiishe."

Yako maharage aliyoyazuia, kilo kumi za rangi zote, akiba ya mvua ikikataa. Yamo kwenye chungu kimoja, mdomo umeshazibwa. Jumapili iliyopita shirika liliamua kwamba mahali pa mbegu patajulikana na wanawake watatu, wala si mmoja tena. Mahali penyewe hapataandikwa hapa.

Jioni inapokaribia, Mawazo anasimama karibu na chungu hicho, mikono kiunoni.

"Haya, ni nani na nani?"

"Mimi," anasema Adélaïde. "Na wewe. Wa tatu nitamtaja nikijibiwa. Nina swali langu, nimelitupa tangu mwezi wa nane, na hakuna aliyeliokota."

Daphrose anafuta udongo viganjani, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto.

"Siku ile nilihesabu watu wa kuwaambia," anasema. "Nilianza na wewe. Kisha nikakumbuka mwanao Bonfils ameondoka mwaka jana na hujawahi kusema amekwenda wapi. Nikamkumbuka na marehemu bwana yangu, na waliomuua. Nikanyamaza. Wewe uliyempokea Candide akizaliwa, kwa mikono yako hii. Nilikuogopa, dada. Shika upande wako, chungu hiki ni kizito."