Simba katika Sala ya Fiston

Sogea karibu, unisikilize. Harufu ya tope bichi lililochanganyika na mawe ya mlimani, wengine huiona ya kawaida. Mimi ikinifikia, mkono huenda kifuani kabla sijawaza.

Tulikaa Kimanga, mtaa ulio chini ya milima: mama, bibi, mdogo wangu Fiston na mbwa wetu Simba. Jina lilimzidi kimo. Alikuwa mwembamba, sikio moja limekatika, tena aliogopa kuku. Kila jioni, ugali ukiwa bado jikoni, Fiston alipiga magoti na kutuombea mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Simba, aliyelala ubavuni mwake kama muumini aliyezoea ibada.

Siku moja katekista wetu alimsikia.

"Fiston, mbwa haombewi. Na mbuzi ya jirani, utaiombea pia?"

"Ile hapana, Mwalimu. Ilikula kaptula yangu."

Katekista alicheka, kisha akamwonya kwamba sala ni ya watu.

Mvua ilinyesha huko juu milimani mchana mmoja, mto ukashuka na mawe makubwa. Mama alikuwa bandarini Kalundu akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, mimi na bibi tuko shambani. Fiston alibaki nyumbani na Simba. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa uwanja wa mawe.

Majirani waliochukuliwa na mto walipatikana, wakazikwa. Fiston hakupatikana. Ujue, kwetu matanga bila mwili hayana mwisho: watu hukaa mikekani, lakini hawajui wageukie wapi. Mama hakula. Alitaka tu mahali pa kusimika msalaba.

Simba yeye alikuwa amelala juu ya mawe, chini kabisa, mbali na palipokuwa nyumba, akilia. Husemwa kwetu kwamba mbwa anayelia penye matanga anaita kifo kingine.

"Fukuzeni ile mbwa!" jirani yetu alipiga kelele. "Iko inaita muntu mwingine!"

Wakamtupia mawe. Alikimbia, akarudi. Wakamtupia tena, akarudi akiburuta mguu, ubavu unavuja damu.

Bibi akainuka mkekani.

"Mumuache! Weye, kama ungekuwa mu ile mawe, nani angekurudilia hivi?"

Akachukua jembe, akashuka. Wanaume waliona haya, wakampokea jembe, wakachimba. Fiston alikuwa palepale, chini ya Simba.

Tulimzika siku hiyo. Katekista alisali, na tulipodhani amemaliza, akaongeza kwa sauti ndogo, "Na Simba, Bwana."

Kwa majeraha yale, Simba hakuifikia Jumapili. Bibi alimfukia bila msalaba, lakini alipiga magoti.

Kabla ya kuchimba nilidhani Simba alilia kwa njaa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba sisi sote tulikaa matanga mikekani, naye peke yake aliyakaa penyewe, alipolala Fiston. Kama mbwa ana roho, sijui. Lakini Fiston alimtaja mbele za Mungu kila jioni, na siku ambayo hakuna aliyejua Fiston yuko wapi, Simba alijua.

Basi ukikuta mbwa analia penye msiba, weka jiwe chini. Mwendee polepole, uangalie alipolala.