Mke Wangu Alitaka Samaki Wawili Wakubwa

Admin, ukiposti hii jina langu lifiche kabisa, maana Kisumu ni ndogo na wambea wamejaa. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, naishi Migosi na mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Kazi yangu ni kutunza matangi ya samaki wa mapambo kwenye mahoteli na nyumba za watu. Najua kuna watakaocheka wakifika katikati. Chekeni, lakini mkimaliza mnijibu.

Mke wangu hunipiga. Haya, nimesema. Si kusukumana kwa mtu na mkewe, ni kupigwa mpaka damu.

Sebuleni nina tangi langu la maji ya chumvi. Maji ya bomba nayachanganya mwenyewe na chumvi maalum. Mwaka jana niliagiza wale samaki wa baharini wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaokaa wawili wawili. Kwa hao, jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba, dume ni kadogo. Kwa hivyo unachukua mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia muuzaji wa Mombasa kwa simu, mke wangu akaipokonya. Yeye ni wa Usenge, mama yake anauza samaki pale ufuoni mwa ziwa, na tangu utotoni anajua samaki wa kuchagua ni mnene. Akamwambia yule mtu, "Wewe, usituletee vitoto. Tuma mbili kubwa, zimeshiba." Nikajaribu kumweleza kwamba hawa si wa kukaanga. Akanikazia macho, nikamwacha aagize.

Samaki walifika kwa basi, wazima. Niliwatia majini nikitumaini nimekosea mimi. Hawakumaliza hata asubuhi moja. Waling'atana midomo wakazunguka hivyo hivyo mpaka mmoja akararuka. Yule mwingine akamfukuza hadi kona, akamtoa jicho, akamla mapezi, na hata alipolala chini bado alikuwa akirudi kumng'ata. Nilipoingiza wavu kumwokoa alikuwa ameshakufa.

Mke wangu alitoka jikoni akaona. Aliniuliza ninajiita fundi wa samaki gani. Nikasema, na nilisema polepole sana, kwamba nilitaka mmoja awe mdogo. Hapo ndipo nilipokosea. Thermos ya chai ilinipata juu ya jicho, nikaanguka, akanipanda kifuani akaendelea kunipiga kwa ngumi na kunikwaruza huku akisema sitamfanya mjinga nyumbani kwake. Sikio la kushoto mpaka leo halisikii vizuri. Kliniki walinishona juu ya jicho, nikasema nimeanguka na bodaboda. Kaka yangu alikuja kutoka Awasi, akaziangalia zile nyuzi, akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, hii boda ilikuwa na kucha?" Nikacheka. Nilitamani kulia.

Baadaye nikaagiza mdogo. Yule mkubwa alimrukia, lakini kadogo kakalala ubavu, kakatetemeka mwili mzima mbele yake. Mkubwa akamwacha. Kila akikaribia, kanatetemeka, kanaachwa. Mke wangu alipoona alicheka akaniambia, "Sasa huyo ana akili. Baba Akinyi, si ujifunze?"

Nami nikajifunza. Akipandisha sauti nainamisha kichwa, nainua mikono, naomba msamaha kabla sijajua kosa. Siku nyingine husaidia. Nilijiambia hiyo ndiyo amani, na kwamba navumilia kwa ajili ya mtoto.

Jumapili iliyopita nilichelewa kumpa binti yangu uji. Akachukua mwiko mezani, akanipiga nao usoni, na kwa sauti ileile ya mama yake akasema, "Wewe ni mwanaume gani?" Mama yake akacheka mpaka akashika mlango. Lakini si hilo lililonivunja. Nilijikuta nimeinamisha kichwa, mikono juu, natetemeka, namwambia mtoto wa miaka minne, "Nisamehe, mama." Naye akainua mwiko tena, kwa sababu aliona unafanya kazi.

Kaka yangu nimemwambia ukweli sasa. Anasema nimchukue mtoto twende Awasi. Mke wangu ameshaapa nikifanya hivyo atajikwaruza uso na kusema ndimi niliyempiga, na ndugu zake watakuja. Nani ataniamini, mwanaume mwenye mwili mkubwa hivi? Nikiondoka peke yangu nitapona, lakini namwacha binti yangu ajifunze kwa yule mama kwamba hivi ndivyo mtu anavyopendwa.

Ninampenda mtoto huyu kuliko uhai wangu, na sasa ninamwogopa. Ninyi mliopitia haya, wanaume kwa wanawake, niambieni nianzie wapi. Na kama ni kuondoka, niambieni mzazi huondokaje na mtoto bila kumfanya aone vita vingine.