Wayo wa Molitoni Wagoma

Kwaya ya kanisa letu hapa Kolonga, kijiji cha kisiwani, iliongozwa na Molitoni, mtu mrefu, mwenye kifua kama mlango, na sikio la kukamata sauti moja iliyopotea katikati ya kanisa zima. Mkono wake ulikuwa wa kuonyesha tu. Mapigo yenyewe aliyashika kwa wayo wa kulia, ukigonga ubao wa sakafu taratibu, na sisi tuliufuata bila hata kujua kwamba tunaufuata.

Nyimbo zikiisha, alichopenda ni kava, kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili. Alikaa kwenye duara amekunja miguu, asiinuke mpaka bakuli likauke. Wenzake walijigeuza, wakaegemea huku na huku. Yeye alisema kujigeuzageuza ni tabia ya watu wasiolelewa.

Jumamosi moja asubuhi aliamka akalishe nguruwe, akapiga hatua moja, akaangukia kikapu cha nguo chafu.

"Moli, siku hizi unakunywa mpaka asubuhi?" mkewe Losaline akauliza toka jikoni.

"Nani amekunywa? Kuna mtu kaweka kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Sakafu."

Wayo wake wa kulia haukutaka kuinuka. Sisi wengine tukitembea, kisigino hutangulia, kisha vidole hufuata. Wake ulining'inia kama samaki aliyeshikwa mkia, kisha ukatua wote kwa mpigo: pwa! Na ili vidole visikwaruze chini, ilimbidi ainue goti juu kama jogoo anayepita kwenye majani yenye umande.

Jumapili kanisani ikawa vituko. Alipojaribu kugonga mapigo, wayo ulikataa, kwa hiyo akawa anainua mguu mzima na kuuachia. Pwa! Ulichelewa nyuma ya mkono kila mara, na sisi tukachelewa nao. Feleti, anayeongoza sauti nzito, rafiki yake tangu utotoni na mtu asiyejua kunyamaza, alimnong'oneza kabla ya ubeti wa mwisho:

"Mwalimu, leo tufuate mkono au tufuate mguu? Maana naona wameachana."

Molitoni alilaumu kiatu. Kisha akalaumu fundi aliyeweka sakafu ya kanisa. Losaline alipochoka kusikia pwa, pwa ndani ya nyumba, alimpeleka hospitali mjini. Daktari akampima mgongo, akaona ni mzima, akamtuma karakana ya nyuma kwa Kalolaine, binti wa kutoka kisiwa cha Vava'u anayetengeneza magango ya kushikilia viungo na miguu ya bandia. Ni mdogo wa umbo, na siku zote ana plasta kavu kwenye nyusi.

Kalolaine alimtembeza kwanza, akamtazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Kisha akamkalisha kwenye benchi.

"Inua wayo, mzee."

Molitoni akainua mguu mzima.

"Wayo tu. Goti liache."

Molitoni akainua nyusi.

"Nyusi nimeziona, ni nzima. Wayo."

Akaweka vidole vyake mbele ya muundi wa kushoto, akamwambia ainue wayo huo. Msuli ukaruka chini ya ngozi. Akafanya vilevile kulia. Kimya.

"Huu msuli wa mbele ndio unaovuta wayo juu. Kano yake hii hapa, inapita mbele ya kifundo. Kushoto unafanya kazi, kulia umelala."

"Basi uamshe, mwanangu. Nina kwaya mimi."

"Msuli hauna kosa. Haujapata habari tu." Akapapasa ubavu wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, akakuta kinundu cha mfupa, akakigonga kwa ncha ya kidole.

"Yeeuuu!" Molitoni alipiga ukelele ambao Losaline anasema ndiyo noti ya juu kuliko zote alizowahi kutoa. "Umeniwekea umeme!"

"Hapo neva inazunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, na juu yake ni ngozi tu. Ukiibana muda mrefu, habari hazifiki chini. Mzee, wewe hukaaje?"

"Hukaa kama watu."

"Nionyeshe."

Akashuka sakafuni, akakunja miguu kwa heshima zote. Kile kinundu kikagandamizwa barabara sakafuni. Kalolaine akatazama. Losaline akatazama.

"Na unakaa hivyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka majogoo," Losaline akajibu.

"Wewe kakuuliza nani?"

Kalolaine akamweleza kwamba neva kama hiyo mara nyingi huamka, polepole, mradi haibanwi tena. Lakini kwa sasa wayo lazima ushikiliwe, asije akajikwaa akavunjika. Tena misuli ya nyuma ya mguu haina mpinzani, na ikiachiwa itavuta kisigino juu mpaka kano yake ifupike, na hapo itakuwa kesi nyingine.

Akaanza kumfunga plasta mbichi apate umbo la mguu wake, wayo na muundi vikiwa vimeshikwa kama pembe ya chumba. "Usitikisike," akamwambia. Kumbe wodi ya jirani wauguzi walikuwa wanajifunza wimbo, tena wimbo wa Molitoni, tena vibaya. Alivumilia ubeti mmoja. Wa pili, kidole kikaanza kuongoza. Wa tatu alikuwa anapunga mikono yote miwili, amenyoosha mguu, anapaza sauti dirishani: "Sauti ya pili, mko wapi?" Plasta ikakauka vidole vikiwa vimeelekea chini, kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Kalolaine akaikata, akafunga dirisha, akaanza upya.

Gango lilipokuwa tayari lilikuwa la plastiki nyeupe, linashuka nyuma ya mguu na kupita chini ya unyayo, na mkanda juu. "Nimelikomesha chini ya kile kinundu, lisije likaibana neva tena," Kalolaine akasema. "Vaa na soksi. Kisigino kikae nyuma kabisa. Ukivua, tazama ngozi. Ukiona wekundu usiopotea upesi, njoo nipunguze, usijikaze kiume."

Molitoni akatembea. Hakuna pwa. Losaline akafuta machozi. Ila Molitoni alikuwa amejiona kwenye kioo, na gango linang'aa chini ya tupenu yake, ile nguo ya kujifunga kiunoni, kama taa.

"Nisimame mbele ya kanisa na mfereji wa paa mguuni?"

Akalibeba nyumbani, na hatukuliona. Kanisani pwa ikaendelea, wiki baada ya wiki, mpaka ikawa kama sehemu ya wimbo.

Ndipo Shangazi Pisila, dada wa marehemu baba yake, akaja kuwatembelea. Kwetu neno la shangazi halina rufaa. Hakuingia hata ndani. Alipitiliza bandani, kwa sababu huuliza hali za nguruwe kabla ya hali za ndugu. Huko akamkuta Molitoni anateka chakula cha nguruwe kwa kitu cheupe.

"Molitoni, hicho ni kijiko gani?"

"Cha plastiki, Shangazi."

"Mbona kina mkanda?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona kina kisigino?"

Molitoni akatazama nguruwe, nguruwe wakamtazama.

"Kioshe. Kivae. Na ukikivua kabla yule binti hajakuruhusu, nahamia hapa."

Alilivaa likiwa bado linadondosha maji. Kiatu chake kikakataa kuingia, akaazima cha kulia cha mwanawe anayecheza raga, kikubwa kama mtumbwi. Feleti alipomwona akasema, "Mwalimu, hicho kiatu ni chako peke yako, au umepangisha?"

Wiki ileile kukawa na mashindano ya kwaya. Tukapanga mistari, Molitoni akasimama wima, akainua mkono, akaushusha. Hakuna aliyeimba. Akarudia. Kimya. Mchungaji akakohoa. Tulikuwa tunasubiri pwa! Masikio yetu yalikwisha kuzoea, na sasa wayo wake ulitua kimya kama wa paka. Feleti ndiye aliyeng'amua. Kutoka mstari wa nyuma akainua mguu wake na kuuachia: pwa! Tukaingia wote kama mvua kwenye bati, na Feleti akaendelea kutupigia mpaka mwisho. Tulishika nafasi ya pili. Majaji walisifu ngoma.

Molitoni hakumsemesha Feleti mpaka chakula kilipoletwa. "Ubeti wa tatu ulichelewa," akamwambia, akamsogezea nyama.

Wayo wake ulikuja kupona wote, na leo anatembea bila gango. Lakini siku tunayosimuliana ni ile alipokuwa amekaa kitini, amelivua, anakagua ngozi kama alivyoagizwa, mara akapiga yowe. Losaline akatoka mbio na kisu cha kumenyea magimbi mkononi.

"Nani kafa?"

"Kidole!"

"Kimekufa?"

"Kimeinuka! Hiki gumba. Chenyewe!"

Wakakitazama wote wawili kama wazazi juu ya mtoto mchanga. Kidole kikatulia. Kisha kikainuka tena, kidogo, kikarudi. Losaline akainama karibu zaidi, akakichunguza.

"Basi kwa kuwa kimeamka," akasema, "kikatwe kucha."