Mafunjo Niliyoyachimba

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliacha shule nikiwa darasa la nane, mkono wangu huenda polepole, na pengine nimekosea herufi mahali. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hupotea.

Ninaishi na mama yake baba, upande wa Navakholo. Sisi humwita kukhu. Chini ya shamba letu la miwa, kando ya mto, palikuwa na kinamasi kilichojaa mafunjo marefu kuliko mtu. Kukhu aliyakata, akayaanika, akasuka mikeka. Kukiwa na matanga popote kijijini, watu walikuja kuazima mikeka yake ili wageni wapate pa kulala. Mwishowe iliisha kwa kuazimwa, akaanza mmoja wa kwake mwenyewe.

"Wakija kunililia, nataka wakae juu ya kazi ya mkono wangu," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Kisha mvua ikakosekana, na jua likawaka kuliko tulivyozoea. Kinamasi kikapasuka kama kisigino. Mafunjo yakawa ya kahawia, yakalala chini. Wakati huo kukhu alikuwa Butere kwa shangazi, akitibiwa macho, na kuni zikaniishia. Jirani yetu ana kuni nyingi, lakini kuziomba ni kusimama mlangoni na kuongea. Nilishindwa. Nikachukua jembe, nikaenda kuchimba mizizi ya mafunjo. Ilikuwa minene kama mkono, na ikikaa juani ilishika moto vizuri.

Kijana wa boda boda alipunguza mwendo akaniita, "Wewe bubu! Umeanza kuvuna viazi vya chura?"

Nilimgeuzia mgongo, nikapiga jembe tena. Nilichimba siku nyingi, mpaka nikamaliza karibu upande wote wa mto.

Kukhu aliporudi aliona rundo karibu na mafiga.

"Hii ni nini?"

"Mizizi, kukhu. Mafunjo yalikuwa yamekufa."

"Nani alikwambia? Yanalalanga tu, yakingoja maji." Aliokota mzizi mmoja, akaukwaruza kwa ukucha. Ndani ulikuwa mweupe, una unyevu. "Mimi pia nimekauka. Utanichimba?"

 Obusuma, ugali wetu wa siku hiyo, tuliupika kwa mizizi hiyo hiyo, kwa kuwa hapakuwa na kuni nyingine.

Ile iliyokuwa bado mibichi niliirudisha udongoni. Nilidhani mvua ikija itaiamsha. Mvua ilikuja yote kwa mara moja. Maji yalishuka na udongo wa mashamba ya juu, yakapita pale mizizi ilipokuwa ikiuzuia, na hayakukuta kitu. Yalipopungua, kinamasi kilikuwa kimefukiwa kwa mchanga na tope jekundu hadi gotini. Sikuweza hata kujua nilipopanda. Pembeni tu, ambako jembe langu halikufika, yametokea machipukizi machache. Jua likirudi yanageuka manjano. Vyura hatuwasikii tena, na watu wameanza kufunga ng'ombe pale.

Mkeka wa kukhu umeegemea ukuta, haujafika nusu. Asubuhi nyingine huupapasa ukingo kwa vidole, maana macho hayakupona vizuri. Hajawahi kunikaripia tena. Nikitoka mtoni huniuliza neno moja.

"Bado?"

"Bado, kukhu."

Siku hizi vidole vyake vinatetemeka, naye huomba nimsogezee kikombe. Sijui vitaweza kusuka mpaka lini.

Ninyi mnaosoma, kama kwenu mafunjo bado yanasimama majini, au kinamasi chenu kilifukiwa kikarudi, tafadhali niandikieni. Niambieni mliipanda vipi mizizi, na kama inakubali penye mchanga. Kama mnayo ya kugawa, nitakuja kuichukua mwenyewe. Nitabisha hodi, nitasimama mlangoni, na nitaongea.