Shuka Nyeupe za Pinga

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya cha Bihambwe, titulaire, yaani mkuu wa kituo, alinipa beseni na kipande cha sabuni. "Damu, maji ya baridi kwanza," akasema. "Ukianza na ya moto, inashika mu kitambaa." Nikadhani nimemaliza kujifunza kazi ya buanderie, nyumba ya kufulia.

Vita vilipokolea nikahamishiwa hospitali ya Pinga. Majeruhi walikuwa wengi na kuni haba, maana msituni walikaa wenye silaha. Tukaacha kuchemsha shuka. Tulifua kwa maji ya mto, tukasugua mpaka shuka zikang'aa, na mvua isipokatika tulizikunja zikiwa na unyevu.

Kisha akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa wakaanza kuwaka homa. Kidonda cha Mama Riziki, mwalimu wa shule ya msingi, kilifumuka na kutoa usaha. Daktari alibadilisha dawa, haikusaidia. Ndipo mtu wa maabara akachukua shuka niliyotoka kuifua, akaigandamiza kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakifunika na kukiweka penye joto.

Kesho yake akaniita. Kisahani kilijaa madoa ya manjano, kama ukungu kwenye ugali uliolala.

"Papa Bahati, hii njo shuka yako."

"Hapana! Ile iko safi. Unusa!"

"Nani alikuambia microbe iko na harufu? Sabuni inatoa uchafu na microbe zingine. Zile zinabakia, mu kitambaa ya majimaji, zinazaana."

Nikakaa chini pale pale.

Daktari akaamuru kila shuka ichemshwe, ikauke kabisa, ipigwe pasi ya mkaa.

"Na kuni, Docta?" nikauliza.

Papa Kambale, mume wa Mama Riziki, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye duka lake la hapo Pinga liliporwa, alisikia. Akatoka. Alirudi na rafu za mbao za duka kichwani, akazipasua mwenyewe kwa shoka.

Homa zikapungua wodini. Mama Riziki hakuziona zikipungua. Shuka ya kwanza kuchemka ndiyo tuliyomzika nayo.

Sasa nimestaafu. Nikipita hospitalini, vijana wa buanderie hunionyesha kazi yao kwa furaha: "Papa, angalia vile inang'aa!" Nakumbuka kile kisahani. Nawauliza kwanza:

"Maji ilichemka?"