Kibao cha Mzee Remigi

Jirani yangu Klementina anashona magauni ya harusi pale Bombambili. Mabibi harusi wangapi wa Songea wametoka mikononi mwake, hata mwenyewe hajui. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Yasinta. Anasema bibi huyo hakukosa harusi hata moja kijijini, ila akifika kanisani alikaa nje, mlangoni. Ukimwita aingie, alikuwa na jibu moja ambalo ukoo mzima ulilijua: "Humo ndani kuna joto."

Mwaka jana ukoo uliamua kulijengea kaburi la babu yao, mzee Remigi. Zege, marumaru, na kibao kilichoandikwa: Mume wa Brigita. Klementina akaja juu. Mbona Yasinta hayumo, naye ndiye mke mkubwa, aliyemzalia mzee mtoto wake wa kwanza?

"Mwanangu," alisema baba yake mdogo Tadei, mtoto wa Brigita na msemaji wa ukoo, "sisi ni Wakristo. Tunaandika ndoa iliyomo kwenye kitabu cha kanisa. Kama bibi yako yumo, lete."

Mimi na mdomo wangu nikamwambia Klementina twende. Nilikuwa na hakika yumo. Mtu mwenye akili zake atamlimisha mwanamke mahindi miaka yote hiyo bila kumpeleka kanisani?

Parokiani kijijini kwao, katekista alitufungulia kitabu cha ndoa, kurasa zimekuwa rangi ya ugoro. Remigi tulimpata upesi. Bibi harusi: Brigita. Klementina alishusha pumzi, akataka kuinuka. Kisha jicho lake likashuka kwenye mashahidi. Yasinta. Hakujua kuandika; alikuwa ameweka dole gumba.

"Hapa kwetu ilikuwa hivyo," katekista alisema taratibu. "Mwenye wake wawili akitaka ubatizo, alibaki na mmoja. Yule anayeachwa aliitwa awe shahidi, watu waone kwamba ameridhika."

Nilimchukia mzee Remigi, marehemu nisiyewahi kumwona, na sioni haya kusema. Klementina aliweka dole gumba lake juu ya lile la bibi yake, akalia mpaka katekista akatoka nje.

Bado nilikuwa na tumaini. Niliona dole lile litatutetea, maana hakuna anayemwacha asiyekuwa mkewe. Tukampelekea mzee Tadei picha kwenye simu. Klementina akamwamkia shikamoo, akampa. Mzee akavaa miwani, akaitazama mara mbili.

"Kumbe alikubali mwenyewe," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Baba mdogo, angekataa angekwenda wapi?"

Mzee akavua miwani, akamrudishia simu. Kibao kikabaki vilevile.

Siku ya misa ya kulibariki kaburi, kanisa lilijaa. Nilidhani Klementina hatakuja. Alikuja, amevaa kitenge chake kipya, akaketi kwenye ngazi za mlangoni, nami nikaketi naye. Kengele ilipolia mzee Tadei alitoka kumtafuta.

"Klementina, ingia. Tumekuwekea nafasi mbele."

Alimtazama mzee kwa upole. Hasira zote zilikuwa zimemwishia.

"Humo ndani kuna joto, baba mdogo."