Siku Khisa Aliposaga Redio

Nilitoka sokoni Moiben nikamkuta mume wangu Khisa amekaa mlangoni, redio yetu imelala chini mgongo wazi, na yeye ameshika nyundo. Kabla sijatua kikapu, akapiga. Pa! Nikapiga nduru mpaka kuku wakatawanyika.

"Mayi! Baba Paul, umerukwa na akili?"

"Natoa sumaku ya spika tu, Mama Paul. Hiyo ingine yote ni nzima."

"Nzima, na itaongea na mdomo gani?"

Akapiga tena. Khisa ndivyo alivyo, akiwa na chuma mkononi unaongea na ukuta. Hiyo redio tuliinunua mwaka wa uhuru, na jioni majirani walikuwa wanajaa kwetu kusikiliza habari. Sasa spika yake ilikuwa vipande vyeusi juu ya gunia. Nilikaa kwenye vumbi na nguo zangu za soko, nikalia kwa hasira.

Wacha niwaambie huyu ni mtu wa namna gani. Khisa alitoka Bungoma akiwa kijana, akaingia gereji ya Mzungu mmoja mjini Eldoret. Kazi yake ilikuwa magneto, kile kidude cha trakta kinachotoa cheche ya kuwasha injini. Wazungu walipoanza kufungasha, tukaingia kikundi cha kununua shamba, Wakalenjin, Wakikuyu na sisi Waluhya, tukagawana shamba la mkoloni mmoja. Siku za kugawana, kila mtu alikata seng'enge ya Mzungu akazungushia kipande chake. Tulikuwa na furaha, jamani! Tulikata tukiimba, na vipande vifupi vikaangukia kwenye nyasi. Nani angeinama kuokota takataka ya mkoloni?

Mwenyekiti wetu, Mzee Kimeli, alipata upande wenye zizi la zamani na nyasi nzuri za kukausha. Nyakio alipata upande wa chemchemi, wamepakana. Nyakio ni mjane, alitoka Nyeri na watoto wake, na ndiye rafiki yangu wa kwanza hapo. Ng'ombe wa Kimeli walikuwa wanavuka kwake kunywa maji. Halafu wakaanza kufa. Ng'ombe wa grade, wa maziwa! Mmoja anakataa kula, anasimama amekunja mgongo, anaguna, kisha anaanguka. Baadaye mwingine.

Kimeli akasema ni sumu kwenye yale maji, na mwenye sumu ni Nyakio. Watu wakawazika ng'ombe wazima wazima bila kupasua, kwa kuogopa hiyo sumu. Nyakio akisalimia, watu wanaangalia kando. Akipeleka sufuria ya githeri kanisani, anarudi nayo imejaa. Kikundi kikaamua kwamba mahindi yakishavunwa arudishiwe hisa zake, aende alikotoka. Aende wapi? Kwao hakuachiwa hata pa kuweka kiti. Niliposikia hayo nilikosa maneno, mimi Nanzala, ambaye sijawahi kukosa maneno.

Basi daktari wa ng'ombe wa mjini akaleta gari lake gereji, na Khisa akiwa chini ya gari akamweleza habari ya ng'ombe wetu. Daktari akauliza tumboni walipatikana na nini. Khisa akasema hawakupasuliwa. Yule daktari akashika kichwa.

"Hata mmoja? Huo ni waya, bwana! Ng'ombe anameza waya pamoja na nyasi. Unatoboa tumbo, unafika kwenye moyo."

Akasema ng'ambo wanamlisha ng'ombe sumaku laini, ya kama kidole, inakaa tumboni na kushika waya usitembee. Yeye mwenyewe hakuwa nayo, wala hakujua duka la Eldoret lililo nayo. Khisa akaja nyumbani na hiyo habari, akaniambia, "Nitaitengeneza."

Nikamwambia kama ni sumaku, achukue yoyote amlishe. Akacheka. Sumaku kubwa haipiti kooni, na ukiivunja vipande vinakata kuliko huo waya. Dawa ni kuisaga iwe unga, uushike na gundi, uufinyange umbo unalotaka. Ilinishangaza kwamba kitu cha chuma kinaweza kukandwa kama ugali, lakini nikasubiri nione.

Taabu ilikuwa unga gani. Kwanza alileta unga wa chuma uliozolewa chini ya mashine ya gereji, unang'aa vizuri. Akautia gundi, akauzungushia waya wa shaba, akaunganisha betri za trakta. Ukashika misumari! Nikapiga makofi. Akatoa betri, misumari ikaanguka yote.

"Chuma cha kawaida kinasahau," akasema.

Akasaga sumaku ya magneto kuukuu. Hiyo ilishika sindano, basi. Ilikuwa imechoka na miaka. Na wakati huo ng'ombe wa tatu wa Kimeli alikuwa ameshakunja mgongo, na watu wanasema heri Nyakio aondoke hata kabla ya mavuno. Hapo ndipo nilipotoka sokoni nikakuta redio imepasuliwa.

Kumbe mambo yalikuwa bado. Alitwanga vile vipande ndani ya maji ili vumbi lisiruke, akajifunga kitambaa puani. Halafu akaukausha ule unga, akauweka kwenye jiko la makaa mpaka kibati kikawa chekundu.

"Unauchoma tena?"

"Nautoa nguvu kwanza. Ukiwa na nguvu chembe zinashikana mabonge, gundi haiingii vizuri. Nitaurudishia mwishoni."

Unga ulipopoa ukawa unamwagika vizuri. Akauchekecha apate ule laini, na alichekecha na nini? Soksi zangu ndefu za nailoni, za kanisani! Haki ya Mungu, siku hiyo nilifunga nguo zangu kwenye leso nikafika mpaka langoni. Kilichonirudisha ni Nyakio. Nilimwona kwa mbali anapalilia mahindi ambayo hakuwa na hakika atayala.

Nikarudi nikashika kibati. Khisa alichanganya unga na ile gundi ya mirija miwili inayokauka kuwa jiwe, akashindilia kwenye bomba la shaba lililopakwa samli. Akalizungushia waya, akaunganisha betri zote alizoazima gereji. Cheche zikaruka, nikaruka pia. Zikatoka sumaku mbili, nyeusi, laini, ncha zote mviringo. Akatoa betri, akaning'iniza misumari kwenye moja. Nikangoja ianguke. Haikuanguka.

Kimeli alikubali ng'ombe wake alishwe sumaku kwa sababu Khisa ndiye aliyemtengenezea trakta, na kwa sababu ng'ombe alikuwa anakufa hata hivyo. Wakamshika pembe, Khisa akaisukuma sumaku mpaka nyuma ya ulimi, ikamezwa. Baada ya siku kadhaa mgongo ukanyooka. Ng'ombe akala. Nilikimbia kwa Nyakio nikimwita tangu njiani, tukakumbatiana, nikajua mambo yamekwisha.

Mkutano ulipokaa, Mzee Kimeli akasimama na fimbo yake. Akasema, "Mmeona wenyewe. Huyu mama ameogopa, ameondoa sumu yake. Uamuzi ni ule ule."

Nilishtuka mpaka masikio yakalia. Nikatazama watu, wanatikisa vichwa kukubali! Nyakio amekaa kwenye nyasi, mikono mapajani. Nikafungua mdomo nimtukane Kimeli, mzee ama si mzee. Khisa akanishika mkono. Yeye mkutanoni haongei, lakini siku hiyo alisimama.

"Mzee, naomba twende zizini kwako. Sisi sote."

Tukaenda, kwa minong'ono. Khisa alikuwa na ile sumaku ya pili, ameifunga kamba. Akaiburuta polepole kwenye hori, chini ya nyasi kavu walizokuwa wanakula ng'ombe, toka mwanzo hadi mwisho. Alipoiinua, sumaku haikuonekana. Ilikuwa imeota waya kila upande, vipande vifupi, vyenye kutu, ncha kali. Mama mmoja akalia, "Woi!" Khisa akachomoa kimoja, akamwekea mwenyekiti kwenye kiganja.

"Hii ni seng'enge yetu, Mzee. Tulikata wenyewe. Wewe ukavuna nyasi zako hapo hapo."

Kimeli alikitazama kile kipande, akakigeuza. Wazee waliokuwa wakitikisa vichwa sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Mwishowe Kimeli akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe wangu wengine wanakula nyasi hizi hizi. Khisa, nitengenezee za wote."

"Unga umeisha, Mzee. Redio yangu ndiyo hii iko mkononi mwangu na tumboni mwa ng'ombe."

Nikasema moyoni, vizuri sana, wafe wote. Lakini Nyakio akageuka akaenda kwake. Aliporudi alikuwa amebeba redio ya marehemu mume wake, ile kubwa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nikamwambia, "Nyakio, usithubutu!" Akanipita. Akamwekea Kimeli redio mikononi.

"Utaivunja wewe," akamwambia. "Na utaitwanga wewe. Kwangu, uwanjani, mchana, watu wakipita."

Hapo nilishika mdomo. Mwenyekiti! Mzee mwenye fimbo! Na alikuja, haki. Alikaa kwenye kigoda cha Nyakio akatwanga, jua kali, watu wakipita na wengine wakirudi makusudi wapite tena. Khisa alimletea maji ya kulowesha unga na kitambaa cha pua. Mzee akavikataa vyote, akasema yeye si mtoto. Mchana ulipofika alikuwa mweusi hadi kwenye kope, anakohoa, koo limekauka hawezi kumeza mate.

"Maji," akasema, bila kumtazama mtu.

Mimi nilikuwa karibu na mtungi. Sikusogea. Nyakio akainuka mwenyewe, akachota na kikombe, akamletea kwa mikono miwili, akasimama mbele yake. Kimeli akatazama yale maji. Akatazama mikono iliyoyashika, muda mrefu.

Akakipokea, akanywa yote, akamrudishia.

"Ongeza, mama," akasema.